Hundi ya Ruzuku Huishia Mkononi mwa Nani?

Mwaka 1933 bei ya pamba ilikuwa imeanguka vibaya, na serikali ya Marekani chini ya Rais Franklin Roosevelt ikaamua kuwalipa wakulima wafukie sehemu ya pamba iliyokwisha kuota shambani. Katika kaunti ya Poinsett, jimbo la Arkansas, fedha zilifika kweli. Mikataba ilitaka wapangaji nao wapate sehemu yao, ila hundi ilipitia kwanza kwa mwenye ardhi. Ekari zilipopunguzwa, waliozilima wakaonekana wamezidi, na familia nyingi zikafukuzwa. Julai 1934, katika mji mdogo wa Tyronza, wazungu 11 na weusi 7 wakaunda chama cha kuwatetea wakulima wapangaji. Kwa miaka ile na mahali pale, kuketi pamoja tu kulikuwa ujasiri.

Ninaanza huko kwa sababu swali lao, la fedha hizo kuishia kwa nani, halijajibiwa hadi leo.

Siungi mkono wanaosema ruzuku ifutwe yote. Mkulima wa Marekani, tuseme wa mpunga, hukopa kabla ya kupanda: mbegu, mbolea, dizeli ya pampu za maji. Bei ataijua baadaye, na hana uwezo wa kuipanga. Wakulima kumi wakianguka msimu mmoja katika kaunti yenye watu wachache, muuza vipuri naye hutetereka, benki hubana mikopo, na shule inayotegemea kodi ya ardhi huanza kupunguza walimu. Marekani iliyaona hayo katika miaka ya 1980, madeni yalipowamaliza wakulima wengi.

Tatizo langu ni namna malipo yanavyokokotolewa. Chini ya sheria ya kilimo ya 2014, mpunga uliwekewa bei ya dola 14 kwa kila paundi 100. Bei ya soko ikishuka chini ya hapo, serikali hufidia pengo, kwa asilimia 85 ya ekari za msingi, yaani ekari zilizoandikishwa kutokana na kilimo cha miaka ya nyuma. Tuseme shamba lina ekari 500 za aina hiyo, kiwango cha mavuno kilichosajiliwa ni paundi 5,000 kwa ekari, na bei imeshuka hadi dola 12. Malipo yatakuwa dola 42,500 kabla ya makato, hata kama msimu huo ekari zile zimepandwa soya. Kinachohesabiwa ni historia ya ardhi.

Kisheria, anayekodi kwa fedha taslimu ndiye anayepokea malipo hayo. Lakini mwenye ardhi anajua shamba lake lina ekari za msingi, na mkataba ukifika mwisho hupandisha kodi ya pango. Wachumi wa kilimo wamelieleza jambo hili kwa miaka mingi: sehemu ya ruzuku huhamia kwenye kodi ya pango na bei ya ardhi. Kijana anayetaka kuanza kulima hukuta mlango umepanda bei kwa fedha zilizotengwa kumsaidia.

Kikomo cha malipo nacho kinavuja. Sheria ile iliweka dola 125,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka, na mwaka 2025 kiasi hicho kikapandishwa hadi 155,000, huku bei ile ya fidia ya mpunga ikipandishwa hadi dola 16.90. Katika ubia, kila mbia anayestahili ana kikomo chake, na tangu 2018 hata binamu na wapwa wanahesabiwa kama familia, jambo linalorahisisha kuwaongeza kwenye ubia. Shamba kubwa lenye ndugu wengi na mwanasheria mzuri halibanwi sana.

Ningependa malipo yamfuate anayebeba hasara ya msimu huo, kwa ekari alizopanda kweli. Wapinzani wana hoja nzito hapa: malipo yakifuata kilichopandwa, watu watapanda kwa kufuata serikali na mpunga utazidi sokoni. Kikomo kikali kwa kila shamba kingepunguza hatari hiyo, ingawa hakiimalizi. Hoja ninayoiogopa zaidi ni ya pili: mwenye ardhi aliyekosa sehemu yake anaweza kumwondoa mpangaji, kama familia za Poinsett zilivyofukuzwa, na kulima mwenyewe. Kwa hiyo mabadiliko hayo yasipitishwe peke yake, bila mikataba ya kukodi ya miaka mitano au zaidi isiyovunjwa kwa sababu ya ruzuku.