Ushindani wa faiba unaishia kwenye ngazi za ghorofa

Septemba 2024 Safaricom iliongeza kasi ya intaneti ya nyumbani ya faiba, yaani waya wa kioo unaobeba data kwa mwanga, bila kugusa bei. Aliyelipa shilingi 2,999 alitoka Mbps 10 hadi 15, wa 4,100 akatoka 20 hadi 30, wa 6,299 akatoka 40 hadi 80, na wa 12,499 akarushwa kutoka 100 hadi 500. Hakuna kanuni iliyowalazimisha. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya Julai 2023, ilikuwa imeanza kukodisha vifaa kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, badala ya kumdai mteja makumi ya maelfu kwa mkupuo. Na mwaka huohuo wa 2024 Safaricom ilikuwa imeiandikia Mamlaka ya Mawasiliano, ikipendekeza kampuni za setilaiti ziruhusiwe tu zikishirikiana na kampuni za simu zilizopo nchini. Barua haikuzaa ilichotaka, mgeni akabaki, wenyeji wakaamka.

Wengi huishia hapo: fungueni mlango, bei zitajinyoosha zenyewe. Mwenye shamba Laikipia atakubali, maana dishi anaiweka juu ya bati na hana haja na nguzo ya mtu. Mjini hesabu ni nyingine. Dishi zote za eneo moja hugawana uwezo uleule unaotoka angani, ndiyo maana Novemba 2024 Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, ikafungua tena mwaka uliofuata. Isitoshe, mpangaji wa ghorofa ya tatu Roysambu, Nairobi, hana paa. Anategemea waya, na waya unapitia kwa mwenye nyumba.

Tazama jengo la kawaida la nyumba 40. Kampuni ya kwanza huleta kebo kutoka kwenye nguzo, ikafunga kisanduku ukutani chini ya ngazi, na kutoka hapo ikapandisha waya mwembamba hadi kila nyumba inayolipia. Bomba la kupitishia waya, kama lipo, ni moja, na mara nyingi ni lile lililowekewa antena za televisheni. Kampuni ya pili ikija, bomba limeshajaa, au mwenye nyumba ana makubaliano ya kulipwa kamisheni kwa kila mteja wa ile ya kwanza, au keateka anasema tu, "Hapa ni hiyo moja." Fundi akiruhusiwa kwa shingo upande, atapitisha waya nje, ukingoni mwa balkoni. Jua linaukausha ganda, nao ukikunjwa kwenye kona ya dirisha mwanga unavuja. Kipima mwanga kikishuka hadi -27 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), rauta iko kwenye ukingo wa uwezo wake, na taa nyekundu ya LOS, ya kuonyesha mwanga umepotea, itawaka siku ya mvua ya kwanza. Mteja atasema kampuni ya pili ni mbovu, kumbe kilichoiangusha ni bomba.

Kampuni iliyo peke yake jengoni nayo haina cha kuisukuma. Faiba nyingi za nyumbani hapa ni GPON, mfumo wa nyumba nyingi kugawana mwanga mmoja: tundu moja la mtambo wa kampuni hutoa Gbps 2.488 (Mbps 2,488) za kushuka na 1.244 za kupanda, kisha kigawanyio huzigawa kwa nyumba 32 au 64. Kigawanyio cha 32 hula takriban dB 17 za mwanga, cha 64 kama 20 na ushee, katika bajeti ya dB 28 hivi, yaani upungufu wote wa mwanga ambao vifaa vya kawaida huweza kuuvumilia. Nyumba 64 zikivuta zote kwa pamoja, kila moja inapata chini ya Mbps 39, hata kama kifurushi kinasema "hadi 80". Si wizi, kwa kuwa watu hawavuti pamoja sekunde ileile. Lakini saa tatu usiku wanakaribia, na wa kumbana mtoa huduma awahamishe wengine kwenye tundu jipya ni mteja mwenye pa kuhamia.

Hapa ndipo mdhibiti anahitajika, na sisemi hivyo kwa kuwaamini wadhibiti kupita kiasi. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma wa intaneti wa Kenya walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu nchini ili barua pepe ya kutoka Nairobi kwenda Nairobi isizungukie ng'ambo kwa setilaiti. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa njia za kimataifa, ililalamika. Tume ya Mawasiliano ya wakati huo ikakifunga baada ya wiki kama mbili. Kilirudi Februari 2002. Mdhibiti anaweza kugeuka bawabu wa aliyekwishaingia, na barua ya 2024 iliomba jambo lilelile kwa maneno mapya.

Kwa hiyo sitaki sheria ndefu ya bei. Nataka ya mlango. Marekani ilipiga marufuku mikataba ya kampuni moja kuhodhi jengo mwaka 2007 kwa kampuni za kebo, na 2008 kwa za simu. Wenye majengo wakahamia kwenye kugawana mapato, na Februari 2022 ikabidi FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa huko, irudi kuzuia aina kadhaa za mgawanyo huo na kudai mikataba ya kutangaza kampuni moja tu iwekwe wazi kwa wapangaji. Funzo la hapo ni dogo lakini la maana: ukikataza neno "pekee" na kuiacha kamisheni, hujakataza kitu. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya 2010 inayogusa makubaliano ya kubana soko, ila nani atapeleka jengo moja la nyumba 40 mbele ya mamlaka?

Kanuni yenyewe ingetosha ukurasa mmoja. Bomba la ngazini liwe mali ya jengo, si la kampuni. Ada ya kulitumia iwe moja kwa kila anayekuja, na ibandikwe pale chini ya ngazi. Kamisheni kwa kila mteja ipigwe marufuku, mwenye nyumba alipwe kodi ya nafasi tu. Majengo mapya yasipate kibali cha kukaliwa bila bomba mbili tupu za milimita 50 kutoka barabarani hadi ghorofa ya juu. Gharama yake wakati wa ujenzi ni ndogo mno, ila kupasua ukuta baadaye ni balaa.

Hadi hapo, anayetafuta nyumba asiulize tu kama kuna Wi-Fi. Ashuke chini ya ngazi ahesabu visanduku na nembo zake, kisha amwulize jirani kasi inakuwaje saa tatu usiku. Kisanduku kikiwa kimoja, aulize kabla ya kulipa deposi kama kampuni nyingine inaruhusiwa kuingia, na jibu liandikwe kwenye mkataba wa kodi.