Habari ya Plazma Iko Ukingoni

Februari 2025, mtambo wa WEST ulioko Cadarache, Ufaransa, unaofanya majaribio ya kuzalisha nishati kwa kuunganisha viini vya atomi, ulipoidumisha plazma, yaani gesi yenye joto kali na chaji ya umeme inayoshikiliwa kwa sumaku, kwa sekunde 1,337, au zaidi ya dakika 22, nilitumiwa habari hiyo na watu wanne kabla sijamaliza kunywa chai ya asubuhi. Walifurahi, nami nilifurahi pamoja nao. Kilichoniudhi ni kwamba taarifa zote nilizozisoma siku ile zilitaja sekunde, zikataja nyuzi joto za katikati, zikaishia hapo. Hakuna hata moja iliyougusa ukingo.

Nakiri kwamba joto la katikati si jambo dogo. Mtambo wa ITER, unaojengwa jirani na hapo, unalenga nyuzi milioni 150, na pasipo joto la kiasi hicho deuteri na triti, aina mbili nzito za hidrojeni, haziungani kwa wingi wa kutufaa. Lakini plazma ya katikati haipakani na ukuta. Ukingo ndio unaopakana nao, na kwa miaka zaidi ya arobaini ukingo huo umewatesa wanafizikia kuliko msomaji wa magazeti anavyoweza kudhani.

Mwaka 1982, Fritz Wagner na wenzake katika mtambo wa ASDEX huko Garching, Ujerumani, waliona jambo ambalo nadharia haikuwa imelitabiri: plazma ikipashwa joto kupita kiwango fulani, hujitokeza ukingoni tabaka jembamba ambamo misukosuko hutulia na joto halivuji tena kwa urahisi. Muda wa plazma kuhifadhi nishati yake ukaongezeka takribani mara mbili. Matumaini ya ITER ya kupata megawati 500 kwa kuipasha plazma kwa megawati 50 yanategemea hali hiyo.

Neema hiyo ilikuja na deni lake. Joto likizuiwa, kanieneo hupanda kwa mwinuko mkali ndani ya tabaka lile la sentimita chache, na mwinuko wenyewe huzalisha mkondo wa umeme papo hapo ukingoni. Viwili hivyo vikizidi, ukingo hufumuka, plazma hutupwa nje kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, tabaka huporomoka, kisha huanza kujijenga upya kuelekea mfumuko mwingine. Aliyewahi kuchemsha maziwa anaujua mwenendo huu: utando hutanda juu, mvuke hukosa njia, maziwa hupanda ghafla na kumwagika, yakishuka utando hutanda tena. Tofauti ni kwamba katika ITER mfumuko mmoja usiodhibitiwa umekadiriwa kutoa megajuli zipatazo 20, nazo hushukia vipande vyembamba vya tungsteni chini ya chombo. Tungsteni huyeyuka kwa nyuzi 3,422, na hakuna metali inayoishinda kwa hilo. Hata hivyo mapigo ya namna hiyo, yakirudiwa mara nyingi, huipasua na kuiyeyusha juujuu, na chembe zake zikiingia ndani ya plazma huinyang'anya joto kwa mnururisho.

Mwaka jana nilizungumza na wanafunzi wa kidato cha sita, na binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kama sumaku inaizuia plazma isiguse ukuta, ukuta unaunguzwa na nini?" Alikuwa amesoma habari za rekodi zote za karibuni, na hakuna iliyompa jibu. Nilisikitika sana, kwa sababu swali lake ndilo swali lenyewe, na tulikuwa tumemnyima kwa kumlisha tarakimu za kushangilia.

Dawa zipo, na zinastahili vichwa vya habari. Mtambo wa DIII-D huko San Diego, Marekani, ulionyesha zaidi ya miaka ishirini iliyopita kwamba koili za ziada, yaani nyaya zilizosokotwa zinazozalisha sumaku zikipitishiwa umeme, zikiupotosha kidogo uga wa sumaku ukingoni, mifumuko mikubwa huweza kukomeshwa kabisa. KSTAR ya Korea Kusini nayo imeifanyia njia hiyo kazi kubwa. Wengine hurusha vidonge vya deuteri iliyogandishwa ili kuchochea mifumuko midogo ya mara kwa mara kabla ule mkubwa haujaiva.

Nitakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba mifumuko hiyo ina faida moja: husafisha plazma kwa kutoa nje heliamu inayobaki baada ya muungano na uchafu wa tungsteni. Ndiyo maana kuikomesha hakutoshi. Ukingo lazima utulie bila kuziba. Koili hazifanyi kazi katika hali zote, na mara nyingi hupunguza msongamano wa plazma, jambo linalopunguza pia nishati tunayoitafuta. Plazma ile ya WEST ilipashwa kwa megawati 2. Kuwa na ukingo mtulivu kwa dakika nyingi, kwa nguvu kamili ya mtambo mkubwa, ni kazi nyingine kabisa, na hiyo ndiyo ningetaka kuisoma gazetini.

Binti yule alitaka kujua koili za ITER zitakaa wapi. Nilimchorea ubaoni: 27, safu tatu za tisa tisa, ndani ya chombo chenyewe cha ombwe, mahali ambapo nyutroni zinazotokana na muungano zitazipiga kila plazma itakapowaka. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza zikiharibika zitatolewaje.