Jimbo Limehama, Mimi Nipo Palepale

Saa nane usiku. Nimekalia ndoo niliyoipindua, mbele yangu bomba, nyuma yangu diaba mbili na pipa la bluu. Hapa kwetu Mbezi maji yana tabia za mgoni: yanaingia watu wamelala, yanatoka kabla jogoo hajawika. Mama Neema ameniambia kwa upole kabisa, "Baba Neema, usipokinga leo, kesho utaoga hotuba." Basi ndiyo nimekaa.

Ukikaa mbele ya bomba kavu huna kazi ila kuhesabu. Wengine huhesabu madeni. Mimi madeni yangu nayajua yote, kwa hiyo nahesabu wabunge.

Kwanza mnielewe, nyumba hii sijaisogeza hata tofali moja tangu nimeijenga. Lakini nilipoijenga nilikuwa wilaya ya Kinondoni, jimbo la Ubungo. Leo niko wilaya ya Ubungo, jimbo la Kibamba. Nilipokuwa jimbo la Ubungo, sikuwa wilaya ya Ubungo. Nilipoipata wilaya ya Ubungo, jimbo la Ubungo nikalikosa. Stendi ya mabasi ya mikoani, ile iliyokuwa Ubungo miaka yote, nayo mwaka 2021 ikahamia hukuhuku Mbezi Luis. Yaani wilaya imenifuata, stendi imenifuata, jimbo ndilo limenikimbia. Maji bado yanatafakari.

Tuanze mwaka 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo urudi. Jumapili ya tarehe 29 Oktoba nilivaa suruali ya harusi, enzi hizo kifungo bado kinafika kwenye tundu lake, nikawahi kituoni alfajiri. Karatasi za kura hazipo. Saa nne hazipo. Saa saba mama mmoja mwenye akili akaleta beseni la vitumbua. Saa tisa vitumbua vimekwisha, karatasi bado. Mwisho wa yote Tume ya Uchaguzi ikaufuta uchaguzi wa Dar es Salaam nzima, majimbo yote 7, tukaambiwa turudie tarehe 19 Novemba. Mimi nilishajigamba kwa bosi kwamba Jumatatu nitakuja na wino kidoleni. Jumatatu nimefika na kidole kisafi kama cha mtoto mchanga, bosi akaniuliza Jumapili yote nilikuwa kwa nani.

Tuliporudia, Ubungo akapita Dk. Masumbuko Lamwai wa NCCR-Mageuzi, mwanasheria anayeongea mpaka unatamani ushitakiwe ili akutetee. Shemeji yangu wa Kimara alifurahi akampa beberu wake jina la Mageuzi. Baadaye Lamwai akahamia zake CCM. Shemeji hakusema neno. Alinoa kisu tu, tukala pilau.

Mwaka 2000 tukampa Charles Keenja wa CCM. Huyu tulishamjua, maana Serikali ilipolivunja baraza la jiji mwaka 1996 ndiye aliyewekwa kuwa mwenyekiti wa Tume ya Jiji. Siku hizo taka za Dar zilikuwa zimelala barabarani kama zina hatimiliki, na Tume ile ikazihangaikia. Tukasema mtu wa usafi huyo, na usafi unataka maji, hesabu imekaa vizuri. Akawa mbunge, halafu akawa waziri wa kilimo. Kilimo! Jimbo lenye Manzese, Sinza na Mabibo, ambako ukiona kitu kijani basi ni mchicha wa bondeni au chupa iliyovunjika.

Mwaka 2005 uchaguzi ukasogezwa kutoka Oktoba hadi tarehe 14 Desemba kwa sababu mgombea mwenza wa CHADEMA alifariki dunia. Keenja akashinda tena. Kijana mmoja anaitwa John Mnyika akashindwa, tukamwona mtoto. Kwenye kampeni zile ndipo nilipopata fulana, kubwa, ningeweza kuingia mimi na Mama Neema tukabakiza nafasi ya mgeni. Rangi sitaitaja. Nimeivaa nikipaka nyumba chokaa, Neema akailalia akiwa na surua, ikawa dekio, na leo kipande chake ndicho hiki nilichokifunga mdomoni mwa bomba kuchuja mchanga. Kwa kweli katika vitu vyote nilivyoahidiwa mwaka ule, fulana imenitumikia.

2010 yule mtoto akarudi, hana miaka 30. Matokeo yakachelewa, watu wakakesha nje wakisubiri kama mimi ninavyosubiri sasa hivi, ila wao walikuwa wengi na wanaimba. Akatangazwa Mnyika wa CHADEMA. Hawa Ng'humbi wa CCM akaenda mahakamani, kesi ikaisha 2012, Mnyika akabaki. Mwaka 2013 akapeleka bungeni hoja binafsi, na hoja yenyewe mnajua ilihusu nini? Maji ya Dar es Salaam! Nilikaa mbele ya redio na ndoo mkononi, nikidhani hoja ikipita yatatoka papo hapo. Hoja ikaondolewa, bunge likachafuka kelele. Nikairudisha ndoo jikoni.

Halafu ikaja 2015. Wakasema jimbo la Ubungo limekuwa kubwa, likatwe. Sawa, hata keki hukatwa. Lakini keki ukiikata kila mtu anajua kipande chake kipi. Mimi nilikwenda kituoni kwangu kulekule, shule ileile, dawati lilelile lenye msumari uliowahi kunichania suruali ya harusi, nikakuta nimekuwa mtu wa Kibamba. Kimara kwa shemeji wamebaki Ubungo. Mnyika akaja upande wetu, Ubungo ikamchukua Saed Kubenea, mwandishi wa habari, naye CHADEMA. Mbunge tuliyekuwa tukichangia na shemeji kwa miaka mitano, sasa kila mtu ana wake. Jumapili akija kula anasema "mbunge wenu", mimi nasema "mbunge wenu", na mboga ni ileile.

Sasa sikilizeni ya 2020, maana hii ndiyo iliyonitoa jasho. Ubungo akapita Kitila Mkumbo wa CCM. Huyu bwana alikuwa CHADEMA, wakakosana, akaonekana miongoni mwa walioanzisha chama cha ACT, kisha mwaka 2017 Rais Magufuli akamteua katibu mkuu wa wizara. Wizara gani? Ya Maji! Na Kubenea aliyekuwa Ubungo naye akahamia wapi? ACT! Ukizichora safari hizi kwenye karatasi zinafanana na njia za daladala: wote wanapishana, kondakta ndiye anayejua nani kashukia wapi.

Mimi hayo ya vyama sikuyatazama. Niliposikia tu, nikakimbia jikoni, ndala moja ikabaki njiani.

"Mama Neema! Mbunge wetu ametoka Wizara ya Maji!"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Wetu nani?"

"Kitila!"

"Huyo wa Kimara, baba. Sisi wetu Issa Mtemvu."

Akatupa kijiwe, akaendelea. Nikarudi kutafuta ndala. Miaka 20 nimo ndani ya jimbo la Ubungo, siku mtu wa maji anapolipata jimbo, mimi nimeshatolewa. Shemeji jioni ile alinipigia simu bila salamu, akacheka tu, akakata. Na sina hakika kama kwake yalitoka zaidi ya kwangu, lakini siwezi kumuuliza, nitampa raha.

Mwaka 2025 wakatangaza majimbo mapya 8, mawili hapa Dar: Kivule na Chamazi. Mama Neema akaniambia nisikilize vizuri taarifa ya habari, tusije tukaamka tuko Kigamboni. Nikasikiliza mpaka hali ya hewa. Hatujaguswa. Nikasikia furaha, halafu nikasikia aibu kidogo: mtu mzima na mvi zake anafurahi kwamba amelala na kuamka jimbo lilelile.

Sasa nikianza na wa 2025 wenyewe...

Subirini. Kuna kitu kimekohoa.

Ndiyo lenyewe. Fyuuu. Huo ni upepo, mita inazunguka kama pangaboi, upepo nao ninalipia. Fulana imetuna. Imetuna kama ilivyotuna siku ya mkutano. Tone. Jekundu kidogo, si neno, litatulia. La pili. Jamani yanakuja! Mama Neema, amka ushike diaba! Ndoo iko wapi? Niliileta mwenyewe hapa, ndoo ya kukingia, nani amechukua ndoo usiku huu, mtaa huu hauna adabu...

Nimeikalia.