Filamu za kurushiana: aliyeumia hasa ni nani?

Mwaka 2008 mtu wa Ngamiani, Tanga, akitaka filamu mpya ya Marekani, angeinunua wapi kihalali mtandaoni? Netflix ilifika Tanzania Januari 2016, tena kwa mwenye kadi ya benki na bando la kutosha. Mzigo wa kopi za wizi ulikuja kwa basi kutoka Dar, ukiwa umechomwa kwenye sidii. Baadaye ukaja ndani ya flashi.

Chanzo chake kilikuwa mbali. Mwaka 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, na wenzake walitoa DeCSS, programu iliyovunja kufuli la DVD. Mwaka huohuo ikaenea DivX, iliyobana filamu ya gigabaiti kadhaa ikatosha kwenye sidii ya megabaiti 700. Vikundi vya siri vya Ulaya na Marekani vikashindana nani atangulie kutoa kopi ya filamu mpya. Walitaka sifa, na muuzaji walimdharau. BitTorrent, njia ya watu kugawana mafaili mtandaoni, ilipokuja mwaka 2001, mzigo uliwaponyoka ukawafikia watu wasiojua wala kujali kanuni zao.

Wanaotetea njia hiyo husema Hollywood haikumpoteza mteja ambaye haikuwahi kumhudumia. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Isitoshe, wenye studio hawakuwahi kuwaza kumpa mtazamaji wa banda umiza (kibanda cha kuonyesha video) sauti ya Kiswahili. Aliyeiweka ni mtu kama Lufufu, akitafsiri na kuongeza chumvi zake (nyingine tamu kuliko filamu yenyewe).

Hoja hiyo huishiwa nguvu ikifika kwenye Bongo Muvi. Kompyuta iliyochoma filamu ya Marekani ilichoma na ya Dar es Salaam. Studio kubwa ilikuwa imeshakusanya fedha za tiketi duniani kote. Mtengenezaji wa hapa alitegemea sidii ileile. Sheria ya Hakimiliki ilikuwepo tangu 1999, na stempu za Mamlaka ya Mapato (TRA) za kubandika kwenye sidii zikaja 2013, wakati watu wanarushiana kwa flashi na memori kadi. Faili utalibandika stempu wapi?

Kwa hiyo mtazamaji wa filamu za nje wa miaka ile simlaumu sana. Ila muuzaji aliyerudufu kazi ya Mtanzania mwenzake, huku kopi halali ipo duka la jirani, huyo sina la kumtetea.