Karatasi ya njano na X nyekundu

Mwezi wa tatu nilikuta karatasi ya njano kwenye nguzo ya taa, mbele ya nyumba ninayopanga hapa Reading, Uingereza. Imetiwa ndani ya plastiki isilowe, imefungwa kwa ile mikanda ya plastiki ambayo ukishaivuta hairudi. Ilikuwa inasema mzee wa nyumba ya tatu anaomba kibali cha kuongeza chumba nyuma ya jiko lake, na mwenye neno la kusema ana siku 21. Namba ya ombi, pa kuandikia, tarehe ya mwisho. Basi.

Cha kwanza kunijia ni hasira. Hawa watu hawana kazi? Mtu ana hela yake, kiwanja chake, fundi wake, halafu mpaka amuulize mpangaji aliyetoka Tanzania juzi kama anaruhusiwa kupanua jiko! Jioni nikamkuta mama wa nyumba ya pembeni anaisoma karatasi ile kwa miwani, kainamisha kichwa kama anasoma hati ya mirathi. Anaogopa paa jipya litazikinga jua nyanya zake. Nyanya za kwenye ndoo, jamani, miche minne. Na akaandika kweli. Uamuzi ulipotoka ukasema: jenga, lakini paa lishuke. Mzee akanung'unika wiki nzima, fundi akarudia mchoro, nyanya zikapata jua lake.

Mimi nikabaki nafikiria X.

X nyekundu ya nyumba inayosubiri kubomolewa siwaelezi, mnaijua. Nyumba ya shangazi yangu, kando ya Barabara ya Morogoro, ilipata yake mwaka 2012. Gari lilisimama, wakashuka vijana wawili na kopo la rangi nyekundu, mmoja akachora, mwenzake akaandika namba chini yake, wakasogea nyumba ya pili. Shangazi alikuwa uani anafua. Alipozunguka mbele rangi ilikuwa bado inachuruzika. Hakukuwa na barua, wala tarehe, wala mahali pa kupeleka neno lake. Alipokwenda kuulizia aliambiwa asubiri utaratibu, na utaratibu huo haujafika mpaka leo. Nyumba haibomolewi, hailipiwi fidia, haiuziki, na benki hawataki hata kuisikia kama dhamana. Mwaka juzi aliipaka rangi upya, rangi ya krimu nzuri tu, akapitisha brashi kuizunguka ile X kama fundi anavyozunguka swichi ya umeme. Nikamuuliza mbona hakuifuta. "Nikiifuta watarudi," akasema, "na safari hii watachora mbili."

Na humo humo ndani, kila akinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, kodi ya jengo inakatwa, maana tangu Agosti 2021 ndiko inakokatwa. Yaani serikali ya ukutani inasema hapa hakuna nyumba, serikali ya kwenye mita inasema ipo, lipa.

Basi tangu mwezi wa tatu nimeanza kujiita mhafidhina, na najua neno hilo kwetu ni tusi. Mhafidhina ni yule mzee wa chama asiyetaka kuachia kiti. Zanzibar ndilo jina walilobandikwa waliokuwa hawataki kusikia habari za maridhiano. Au basi ni mtu anayepima sketi za wasichana kwa rula. Huo si uhafidhina ninaousema mimi. Neno lenyewe ni ndugu wa hifadhi, la mtu anayekitunza alichokikuta. Na sisi ni hodari wa hifadhi, tunazo Serengeti na Ngorongoro. Tunayo hata hifadhi ya barabara, ule ukanda wa kando usioruhusiwa kujengwa, ambayo ndiyo iliyomla shangazi.

Ninachokitaka ni kidogo sana. Anayetaka kubadili kitu ndiye abebe mzigo wa kujieleza. Anayekaa, aliyekuwapo, anayeishi kwa utaratibu uliopo, asiamshwe asubuhi akaambiwa ajitetee kwa nini yupo. Yule mzee wa jiko ana haki ya kujenga, ila yeye ndiye aliyepaswa kueleza. Nyanya hazikuulizwa zinatafuta nini pale. Kwetu kopo la rangi ndilo linalotangulia, maelezo yanakuja baadaye, yakija.

Msiniambie haya ni ya Wazungu. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na hawakuitoa Reading. Ukitaka kuuza kipande cha shamba la ukoo, unaitisha kikao, wanakaa hata wale usiowapenda, na makaburi ya babu na bibi yapo pale pale yanahesabiwa kama wajumbe. Kikao kinachosha. Kuna mjomba ataongea saa nzima habari za mwaka 1974. Lakini shamba haliuzwi usiku. Watu walewale waliolelewa hivyo, ukiwapa ofisi na muhuri, wanabadili maisha ya watu milioni kwa waraka mmoja wa Ijumaa jioni.

Tena tumeshawahi kulipa bei ya mchezo huu, na kubwa tu. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kilianza 1933, mkoloni yupo, wakulima wa kahawa wakajiuzia wenyewe. Baada ya uhuru vyama vya ushirika vikaenea, vingine vikawa na wizi, ndiyo, vingine viliendeshwa kama duka la mwenyekiti. Mwaka 1976 serikali haikuvifanyia ukaguzi na kufukuza wezi, ilivivunja vyote, mamlaka za mazao zikachukua nafasi. Miaka minne kabla yake, 1972, halmashauri zilikuwa zimekwishaondolewa kwa jina zuri la madaraka mikoani. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za kuvirudisha vyote viwili, ushirika na halmashauri. Mwalimu Nyerere mwenyewe baadaye alikiri hadharani kwamba kuvifuta lilikuwa kosa. Namheshimu kwa kukiri, wachache wanaweza. Lakini fikiria mkulima wa pamba aliyekuwa na chama chake, akavunjiwa, akasubiri, akarudishiwa jina la chama bila watu waliojua kukiendesha. Mweka hazina mwaminifu hazaliwi na sheria ya Bunge. Anatengenezwa na miaka ishirini ya kuhesabiwa fedha mbele ya majirani.

Nikisoma mijadala ya nyumbani siku hizi naiona rangi nyekundu kila mahali. Tozo za miamala ya simu zilianza Julai 2021, Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata zikapunguzwa tena. Kama zingebandikwa kwenye nguzo ya taa siku 21, wakala yeyote wa kibanda angewaambia kitakachotokea, bure, bila mtaalamu mwelekezi.

Ila kinachoniuma ni kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu. Nimetoka katika ukoo wa walimu. Kwetu mtumishi alipoajiriwa aliambiwa, ukistaafu utapata nusu ya mafao yako kwa mkupuo, na juu ya nusu hiyo alijenga akili yake yote: nyumba atamalizia lini, ng'ombe atanunua wangapi, mtoto wa mwisho atamsomesha na nini. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ikaunganishwa na mkupuo ukashushwa hadi robo. Kelele zikapigwa, Rais Magufuli akasitisha Desemba ileile. Julai 2022 ikaja asilimia 33, mwaka 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wameshushwa kutoka nusu. Wataalamu wanasema mifuko ilikuwa inaelekea kukauka na mstaafu anahitaji pensheni ya kila mwezi kuliko mkupuo utakaokwisha kwa ng'ombe wagonjwa. Inawezekana wana haki kabisa! Basi wangeanza na mwalimu anayeajiriwa mwaka huo, asaini akijua. Yule aliyebakiza miaka mitatu amalizie kwa ahadi aliyoingia nayo. Hiyo ndiyo siasa yangu yote ya mafao, na sioni ina ugumu gani.

Najua mnavyonisoma sasa. "Miaka minne tu Uingereza, ameshaanza kutufundisha kubandika karatasi." Jamani, sifundishi mtu. Ninaosha vyombo kwenye sinki lenye bomba la moto upande huu na la baridi upande ule, yananiunguza na kunigandisha kwa zamu, kwa sababu nyumba ni ya zamani na hakuna anayeona sababu ya kuyaunganisha. Nchi hii inatunza hata upuuzi, na mimi ndiye ninayeoshea humo.

"Na SGR, reli yetu mpya, je? Kwa mwendo wa karatasi zako treni isingefika Dodoma." Hapo mmenishika. Ujenzi wa kutoka Dar ulianza 2017, na Agosti 2024 Rais Samia aliizindua safari ya Dodoma. Nilitazama video ya treni ile nikiwa hapa, machozi yakanilenga, siwafichi. Wenzetu hapa wana reli yao ya mwendo kasi, HS2, walianza kuijadili kabla sisi hatujaanza kujenga yetu, mwaka 2023 wakakata kipande cha kwenda Manchester, na kilichobaki kimewalazimu kujenga kibanda cha kulinda popo kwa zaidi ya pauni milioni 100. Popo! Ninachosema ni kwamba treni ileile ingeweza kufika Dodoma huku mwenye nyumba akiwa na barua yenye tarehe na hundi mkononi. Aliyewaambia kwamba kasi na ustaarabu haviwezi kukaa nyumba moja ni yule anayenufaika na rangi kuwa rahisi kuliko barua.

"Shangazi yako alijenga kwenye hifadhi ya barabara, sheria ni sheria." Labda. Sijaona ramani, naye hajaonyeshwa. Lakini kama sheria ilikuwa upande wao, kwa nini walikuja na kopo na siyo na ramani? Na kama nyumba ni haramu, kodi ya jengo mnaikata ya nini?

Mwingine ataniuliza, kwa nini niwasifu Waingereza, mbona hawajifuati wenyewe? Kweli hawajifuati. Chama kinachojiita cha Wahafidhina ndicho kilichoitisha kura ya 2016, kubaki au kutoka, juu ya ndoa ya miaka 43 na Ulaya, bila mtu kuandika mahali ndoa ikivunjika vyombo vitagawanywaje. Na hapa kura huipigi kwa alama ya vema kama kwetu, unachora X. Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu.

Wala hawa wa sasa si bora. Nilikuja kwa viza inayosema ukikaa miaka 5, ukalipa kodi, ukaishi vizuri, unaomba ukaazi wa kudumu. Juu ya miaka 5 hiyo nami nimejenga yangu. Mei 2025 serikali ya chama cha Labour ikatangaza inataka iwe 10, na tangu hapo ugomvi ni kama tuliokwishaingia tutabebwa humo humo. Kikokotoo kimenifuata mpaka Reading. Nilipompigia shangazi kumweleza alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Wamekuchora?"

Nikamwambia bado, wamekusanya maoni kwanza. Akataka kujua maoni yanakusanywaje. Nikamhadithia habari za mama wa nyanya, tangu karatasi mpaka paa lililoshuka. Nikamtumia na picha ya karatasi niliyokuwa nimeipiga mwezi wa tatu. Alikaa nayo siku mbili. Ya tatu akaniachia ujumbe wa sauti, nyuma yake malori ya Morogoro yananguruma:

"Mwanangu, nimeiona. Mjukuu amenisomea hiyo tarehe ya mwisho. Sasa nataka kujua, huyo mama na ndoo zake, hiyo nyumba ni yake au amepanga?"

Amepanga, shangazi, kama mimi. Nimemwandikia hivyo, alama mbili za bluu zimetokea, na mpaka naandika haya hajajibu.