Tulikwenda kununua viazi

Mwaka jana mfanyakazi mwenzangu hapa kaskazini mwa Uingereza aliniazima riwaya. Wanawake wanne wasiojuana wanaanza kupanda vilima kila Jumamosi, na kufika katikati ya kitabu wanajuana kuliko ndugu: nani kaachika, nani anakunywa kwa siri, nani hasemi na mwanawe tangu mazishi. Nilikisoma zamu za usiku, wazee ninaowatunza wamelala, na nilikipenda. Ila kila baada ya kurasa kumi nilijiuliza swali la kishamba: hawa kuni zao ziko wapi?

Maana mimi mtoto wa Uyole, Mbeya. Kwetu mwanamke akipanda mlima, anashuka na kitu kichwani.

Kinachowakutanisha wale wanne ni upweke, ingawa kitabu hakilisemi wazi. Na mimi huo nimeuonja. Mtaa huu nina mwaka wa sita. Jirani tunayegawana naye ukuta namjua kwa rangi ya gari lake. Kumtembelea mtu ni miadi ya wiki tatu. Kwa hiyo nilipoalikwa kwenye kikundi cha kutembea milimani sikusubiri kubembelezwa. Tumefika hadi Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote England: mita 978. (Mji wa Mbeya wenyewe uko kwenye mita 1,700 hivi. Hata Ben Nevis ya Uskoti, na mita zake 1,345, ukiileta kwetu itabidi ipande daladala kufika Mwanjelwa. Sikuwaambia wenzangu. Walikuwa wamechoka.)

Watu wa nyumbani huniambia hayo ni mambo ya Wazungu, urafiki wa kununua vifaa, sisi watu tunao. Kweli tunao. Tunachokosa ni saa moja isiyo na kazi ndani yake. Dada yangu yuko na wenzake wa kikoba miaka tisa sasa. Kila mmoja anajua hisa za mwenzake, marejesho yake, na faini alizolipa kwa kuchelewa. Wamepikiana misibani, wameshonesha sare za harusi pamoja. Lakini hata siku moja hawajakaa mikono mitupu. Kutakuwa na mahindi ya kupukuchua, au mtoto, au daftari la mikopo. Wakikaa tu, wataambiwa wanateta.

Julai nilikwenda likizo, nikamwambia dada twende mlima Ngozi. Akaniuliza, “Tunafuata nini?” Nikasema kuliona ziwa. “Si lipo siku zote?” Lakini alikuja, na wawili wa kikoba. Tulipanda Noah pale Uyole njia ya Tukuyu, tukashuka Isongole, baridi ile ya asubuhi inayouma masikio. Mimi nilikuwa na buti za pauni mia na ishirini. Wao yeboyebo na vitenge. Kwenye ule mwinuko wa mwisho, mizizi inateleza na matope yanavuta mguu, walinipita wakinisubiri kwa huruma mbele.

Mmoja, anayeuza mtumba Mwanjelwa, alibeba kiroba kitupu. Kama kuna uyoga, alisema, au vijiti vikavu. Mwongozaji akamweleza kuwa ule ni msitu wa hifadhi, hakichumwi kitu. Akakikunja kiroba, na tulipofika ukingoni, zaidi ya mita 2,000 juu, akakitandika chini akakikalia. Ziwa lilikuwa mbali huko chini, kijani, halafu ukungu ukalifunika. Tulizungumza habari za hilo ziwa kubadilika rangi, kisha tukanyamaza. Yule wa mtumba akajishika utosi. “Kichwa changu leo kinashangaa,” akasema, “hakijabebeshwa kitu.” Tukacheka. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kusimulia mambo ya ndoa yake ya kwanza ambayo dada hakuwahi kuyasikia kwa miaka yote tisa. Sitayaandika hapa. Yalichukua kama saa nzima na hakuna aliyetazama simu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema urafiki wa kule ni wa kununua vifaa. Vifaa ni upuuzi, yeboyebo zimethibitisha. Lakini ile ruhusa ya mwanamke kutoka nyumbani Jumamosi kwenda popote bila kufuata chochote, hiyo ningeibeba kwenye begi nikaipitisha uwanja wa ndege. Na riwaya ya Kiswahili inayoanzia pale ukingoni ningeinunua mimi wa kwanza.

Tulipoteremka Isongole, wote watatu, bila kushauriana, walikwenda moja kwa moja kwa wauza viazi wa kando ya barabara. Ndoo moja moja. Kile kiroba kikapata kazi yake. Jioni shemeji alituuliza tulikuwa wapi kutwa nzima. Dada alikuwa ameinama anavua yeboyebo zilizojaa matope ya msituni.

“Tulikwenda kununua viazi,” akasema.