Malcolm Young na hoja kwamba pengo la rithim huzibika

Mwaka 1988, ziara ya AC/DC, bendi ya roki ya Australia, ikiwa haijaisha, mpiga gitaa wake la rithim Malcolm Young aliweka gitaa chini akaenda kupambana na ulevi. Sehemu ya Marekani ilipigwa na Stevie Young, mtoto wa kaka yake, na husimuliwa kwamba baadhi ya mashabiki walirudi makwao bila kujua kuwa aliyesimama pale kando ya ngoma hakuwa Malcolm.

Kisa hiki ndicho silaha ya wanaodai kwamba mpiga rithim, yaani gitaa linaloshika mapigo ya wimbo nyuma ya solo, katika bendi ya roki ni mtu wa kuziba pengo, akitoka yeye anaingia mwingine. Wana mifano zaidi. Mwaka 2014 Malcolm aliondoka moja kwa moja kwa maradhi ya kupoteza kumbukumbu, Stevie akashika tena nafasi, na viwanja vikaendelea kujaa. Watu walilipa kiingilio wamwone Angus, mdogo wake Malcolm, na sare yake ya shule na kaptula, akigaagaa jukwaani na solo zake. Hilo sibishi. Hata kwenye dansi letu, jina la mpiga solo ndilo linalobaki midomoni mwa watu.

Lakini kile kisa cha 1988 hebu tukitazame vizuri. Stevie alipiga kitu gani kilichofanya watu wasishtuke? Alipiga mapigo ya Malcolm, kwa mkono uliojifunza kumfuata Malcolm. Mtu akishona nguo kwa kufuata kipimo cha fundi mwingine na ikakaa sawasawa, sifa ya kipimo ni ya nani? Shabiki hakugundua kwa sababu bendi nzima, kuanzia besi hadi ngoma, ilishajengwa kuzunguka mkono ule wa kulia. Stevie mwenyewe ni mpigaji hodari, wala simpunguzii.

Na mkono ule haukuwa wa kubahatisha. Gitaa kuu la Malcolm lilikuwa Gretsch ya 1963, aliyopewa na Harry Vanda, mwenzake kaka yao George katika bendi ya Easybeats. Aling'oa vifaa vya kunasa sauti akabakiza kimoja tu, karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea chini ya gitaa. Akafunga nyuzi nene. Amplifaya za Marshall hakuzikoroga hadi sauti ikwaruze, aliiacha iwe safi kuliko watu wanavyodhani wanapoisikia. Jaribu kupiga hivyo uone: kila kosa linasikika, hakuna moshi wa kujifichia. Sikiliza mwanzo wa "Back in Black" (1980). Gitaa linapiga, linanyamaza, ngoma inahesabu peke yake, linapiga tena. Ule ukimya nao ni kazi ya rithim, na wapigaji wengi huharibu wimbo hapohapo kwa kuogopa kuuacha wazi.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni nyingine, nayo haisemwi sana: kwamba Malcolm hakuwa wa lazima kwa sababu ya rithim, bali kwa sababu alikuwa kiongozi na mtunzi. Ndiye aliyeianzisha bendi Sydney mwaka 1973, na ndiye aliyemwingiza Angus. Mpiga rithim asiyetunga, asiye na jina lake kwenye hati za nyimbo, kweli yuko hatarini, na kijana anayetaka kuishi kwa kazi hii alijue hilo mapema. Ila sioni namna ya kumgawa Malcolm vipande viwili. Nyimbo zile hazikuandikwa mezani kisha zikatafutiwa rithim. Zilianzia kwenye mapigo yenyewe. Mwanzoni alikuwa akipiga solo pia, kisha akamwachia mdogo wake akabaki nyuma, na hapo ndipo bendi ikapata umbo lake.

Alifariki Novemba 2017, akiwa na miaka 64. Miaka mitatu baadaye ilitoka albamu ya "Power Up", na nyimbo zote 12 zina majina ya watunzi wawili, Angus na Malcolm, kwa kuwa zilitokana na mawazo waliyokuwa wameyahifadhi ndugu hao. Stevie anapiga rithim humo, na Angus solo. Mtu aliyedaiwa kuwa pengo lake limezibika alikuwa bado anawapa wenzake kazi ya kufanya.